Jambia la Jiwe Lilisafiri na Nani?

Noti ya krone 100 ya Denmark iliyotoka mwaka 2010 ina daraja la zamani la mlangobahari wa Lillebælt upande mmoja, na upande wa pili ina jambia. Jambia hilo ni jiwe tupu kuanzia ncha hadi mpini. Lilipatikana mwaka 1876 katika kisiwa kidogo cha Fænø, kilichomo katika mlangobahari huohuo, na linaitwa jambia la Hindsgavl kwa jina la shamba kubwa la jirani. Leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Copenhagen. Urefu wake ni sentimita 29.5, na unene wake haufiki sentimita moja.

Ukilitazama kwa karibu utaona bapa lake limejaa vifereji vyembamba vinavyoanzia ukingoni na kukutana katikati, kila kimoja sambamba na mwenzake kana kwamba vimepigwa kwa rula. Kila kifereji ni alama ya kibanzi kimoja kilichobanduliwa kwa mkono, na kibanzi kimoja tu kikienda mrama, kazi yote imeharibika. Bapa ni pana na jepesi kama jani, mpini ni mwembamba na mrefu. Sasa mchukue mtu aliyewahi kushika kisu cha kazi umwonyeshe kitu hiki. Swali lake la kwanza litakuwa kinakata nini. Kukata kinakata, kwa maana gumegume, jiwe lililotumika, ina makali kuliko chuma kingi. Lakini kitu chembamba hivyo kikichomwa mbavuni mwa mtu na kugeuzwa kidogo tu, kinavunjika vipande viwili. Aliyekitengeneza alilijua hilo kutuzidi sisi sote.

Jibu ambalo wanaakiolojia wamezoea kutoa lina sehemu mbili: majambia ya namna hii yalikuwa vitu vya hadhi, na kupatikana kwake mbali na machimbo ni ushahidi wa biashara ya masafa marefu. Jibu hilo ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kwamba sehemu hizo mbili hutamkwa kwa pumzi moja, kana kwamba moja inaithibitisha nyingine: limetoka mbali, kwa hiyo lilikuwa la mkubwa, lilikuwa la mkubwa, kwa hiyo kulikuwa na wafanyabiashara. Ushahidi tulio nao, ukichambuliwa jambia kwa jambia, unasema mambo magumu zaidi ya hayo.

Tuanze na utengenezaji, kwa sababu hapo ndipo hadhi inapodaiwa kuzaliwa. Gumegume hukaa ndani ya miamba ya chaki. Kaskazini mwa Jutland, katika eneo la Thy na kandokando ya Limfjord, watu wa kale walichimba mashimo kuyafikia mapande mazuri yaliyolala chini, maana yale ya juu yamekwisha kupasuliwa ndani kwa ndani na baridi ya miaka mingi na hayafai kwa kazi ndefu. Pande hupunguzwa kwanza kwa nyundo ya jiwe, kisha kwa nyundo laini ya pembe ya kulungu ambayo hubandua vibanzi vipana na vyembamba. Baada ya hapo huja hatua inayowashangaza wengi: jambia la kiwango cha Hindsgavl lilisagwa juu ya jiwe la mchanga mpaka likawa laini pande zote mbili, ndipo likaanza kubanduliwa upya. Walilainisha ili wapate uso usio na kifundo, kisha wakaufuta ulaini wote kwa kukandamiza ncha ya kifaa ukingoni na kusukuma kibanzi kimoja baada ya kingine. Wapo watafiti wanaoshuku kwamba ncha hiyo, kwenye kazi bora kabisa, ilikuwa ya shaba. Kama ni kweli, basi kilele cha ufundi wa jiwe kilihitaji madini.

Mmarekani Errett Callahan, mmoja wa mafundi mahiri wa kuchonga mawe katika zama zetu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kujifunza kuyaiga majambia haya. Kazi yake ilimsaidia Msweden Jan Apel, ambaye katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001 alitenganisha mambo mawili: kujua jinsi kazi inavyofanywa, na mkono kuweza kuifanya. La kwanza laweza kuelezwa kwa maneno. La pili linataka miaka ya kukaa karibu na machimbo, kuharibu mawe mengi, na kuwa na mtu wa kukusimamia. Apel akahitimisha kwamba ufundi huu haukuwa mali ya kila mtu. Ulirithishwa ndani ya koo chache, na waliokuwa na machimbo walikuwa na shule. Hoja hiyo naikubali kwa sababu haiuegemei uzuri wa kitu. Inaegemea gharama, na gharama inaweza kupimwa kwa kujaribu.

Majambia hayakuwa machache. Skandinavia imetoa maelfu yake, na kipindi chote cha kati ya mwaka 2350 na 1700 K.K. hivi huitwa na Wadenmark Enzi ya Majambia. Mwaka 1973 Ebbe Lomborg aliyagawa katika aina sita, mgawanyo unaotumika hadi leo pamoja na ukosoaji wake. Aina ya kwanza ina umbo la jani. Aina ya nne, ambamo jambia la Hindsgavl limo, ina mpini uliopanuka chini kama mkia wa samaki, na katikati ya mpini huo unapita mshono wa jiwe, mstari wa zigizaga uliochongwa kwa uvumilivu wa ajabu, mithili ya mshono wa ngozi. Aina ya sita ni fupi na nene, na haina madoido.

Mshono huo wa jiwe ulizua mjadala mrefu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Wadenmark, wasio na shaba ardhini kwao, waliyaona majambia ya shaba na ya bronzi ya Ulaya ya Kati, wakayatamani, wakayaiga kwa kile walichokuwa nacho. Kwa maelezo hayo jambia la jiwe ni kitu cha maskini anayejifanya tajiri. Catherine Frieman, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu vitu vya mawe vinavyofanana na vya madini, aliipinga picha hiyo. Alionyesha kwamba kufanana ni kwa juujuu, na kwamba mafundi wa jiwe walikuwa na mantiki yao wenyewe ya umbo. Kwangu mimi hoja yake ina nguvu hasa ukikumbuka kwamba katika milenia ya tatu K.K. jambia lilikuwa limeenea sehemu nyingi za Ulaya kama wazo, likitengenezwa kwa shaba, kwa mfupa na kwa jiwe. Kwenye nguzo za mawe zilizochongwa sura za watu katika milima ya Alps, kwa mfano za Petit-Chasseur huko Sion, Uswisi, jambia limechorwa kiunoni kama sehemu ya mwili. Mchoro hautuambii jambia hilo lilikuwa la nini. Waliochora yaelekea hawakuona haja.

Basi tuje kwenye safari. Ushahidi safi kuliko wote upo Norway. Miamba ya Norway haina gumegume. Yanayopatikana ni mapande madogo yaliyoletwa na barafu ya kale na kutupwa ufukweni, yasiyotosha kutoa jambia la urefu wa kiganja na nusu. Kwa hiyo kila jambia kubwa la gumegume lililochimbuliwa Norway lilivuka maji, na njia ya karibu kutoka Jutland ni kukata Skagerrak, zaidi ya kilomita 100 za bahari ya wazi yenye sifa mbaya. Majambia hayo hayakufika peke yake. Yaliingia wakati uleule ambapo ukulima ulishika mizizi katika pwani ya kusini-magharibi, pamoja na nyumba ndefu za mtindo wa kusini. Hapo sioni sababu ya kuona haya: kulikuwa na mashua, kulikuwa na mabaharia walioijua njia, na kulikuwa na watu waliokwenda na kurudi. Ila tukiita biashara, tujue kwamba mashua hiyohiyo yawezekana ilibeba bibi harusi, ng'ombe na mbegu, na jambia likiwa kiunoni mwa aliyeshika usukani.

Ufaransa inasimulia mambo kwa namna nyingine. Katika mkoa wa Indre-et-Loire, kuzunguka mji mdogo wa Le Grand-Pressigny, kuna gumegume ya rangi ya asali. Kati ya mwaka 3000 na 2400 K.K. hivi mafundi wa hapo waliandaa mapande marefu ya jiwe kwa namna ambayo pigo moja lilitoa bamba lililonyooka la sentimita 20, 30 na hata zaidi. Mapande yaliyobaki yametapakaa mashambani kwa wingi, na wakulima wa huko waliyaita ratili za siagi kwa jinsi yanavyofanana na siagi ya kukatwa. Huko Barrou, mwaka 1970, yalikutwa mabamba zaidi ya 100 yaliyofichwa pamoja ardhini, tayari kugeuzwa majambia, na hakuna aliyerudi kuyachukua. Huo ni mzigo. Fundi anayejitengenezea kisu chake hahitaji akiba ya namna hiyo.

Mabamba ya Le Grand-Pressigny yalifika magharibi mwa Uswisi, zaidi ya kilomita 450 kwa mstari wa moja kwa moja, na Uholanzi ya kaskazini, zaidi ya 700. Mahali pawili, jiwe lilelile, na hapa hadubini ndiyo iliyoamua kesi. Annelou van Gijn wa Chuo Kikuu cha Leiden alipochunguza majambia yaliyozikwa na watu nchini Uholanzi, yaliyotoka kusini na yale ya Skandinavia yaliyokuja baadaye, alikuta mng'aro hafifu kwenye sehemu zilizoinuka za bapa: alama za kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala, mara nyingi, kwa miaka. Dalili za kukatia zilikuwa chache au hazikuwepo. Jambia lilivaliwa na kuonyeshwa. Lakini Valérie Beugnier na Hugues Plisson walipochunguza majambia ya jiwe hilohilo kutoka vijiji vya ziwani vya Uswisi na Ufaransa, walikuta mng'aro wa aina nyingine kabisa, ule unaoachwa na mabua. Watu wa huko walikuwa wakikatia mimea, nafaka ikiwemo. Kule Charavines, kwenye Ziwa Paladru chini ya Alps, matope ya ziwa yalihifadhi hata mipini, ukiwemo mmoja uliozungushiwa vijiti vilivyosokotwa kwa ustadi ili mkono usiteleze. Mpini wa kutegemewa, wa kitu cha kazi.

Hapo ndipo fomula ya hadhi inapoyumba. Jiwe lilitoka machimbo mamoja na kupitia mikono ya mafundi wa shule moja. Upande mmoja likawa pambo la kiunoni lililozikwa na mwenyewe. Upande mwingine likavuna ngano mpaka likaisha, likanolewa, likaisha tena. Umbali kutoka machimboni huenda ulichangia, maana Uholanzi ni mbali zaidi, lakini umbali peke yake hautoshi kueleza. Kilichotofautiana ni watu na desturi zao: wale wa kaskazini walikuwa na mila ya kumzika mtu mmoja mmoja chini ya tuta pamoja na vitu vyake, wa ziwani wametuachia vijiji vyao kuliko makaburi yao. Sehemu ya tofauti tunayoiona, basi, ni tofauti ya mahali vitu vilipoachwa. Kaburi huchagua kilicho bora. Jalala halichagui.

Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kwenda mbali kuielewa silaha isiyopigania. Jambia la Yemen bado huvaliwa tumboni, na thamani yake iko kwenye mpini kuliko kwenye chuma. Mpini ulioheshimiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Fedha za wafanyakazi wa Kiyemeni waliokuwa Saudia zilipoongezeka katika miaka ya 1970, waliomudu mpini huo wakawa wengi, na pembe nyingi zilitoka Afrika Mashariki. Vifaru weusi wa Kenya, waliokuwa takriban 20,000 mwaka 1970, walishuka hadi chini ya 400 katika muda wa miaka ishirini hivi. Soko la dawa la Asia ya Mashariki nalo lilikuwa na mkono wake. Mwanaakiolojia wa miaka elfu nne ijayo akiikuta mipini hiyo mjini Sanaa, na asikute maandishi yoyote, ataona pembe ya Afrika kwenye kaburi la Uarabuni na atakuwa sahihi kusema biashara na hadhi. Hataona kwamba pembe hiyo ilipita kwa jangili, dalali, nahodha na sonara, na kwamba wa mwisho hakuwahi kumwona wa kwanza.

Hoja hiyo ya mikono mingi ilipewa sura ya kihesabu na Colin Renfrew katika miaka ya 1960, alipofuatilia obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, katika Mashariki ya Kati akiwa na wenzake. Karibu na chanzo, vijiji vilitumia obsidiani karibu pekee; kadiri unavyokwenda mbali, kiasi kilishuka kwa mwendo ambao ungeutarajia kama kila kijiji kilibakiza sehemu ya kilichopokea na kupitisha kilichobaki kwa jirani. Jiwe lilikwenda mamia ya kilomita bila mtu yeyote kwenda zaidi ya siku chache kutoka kwake. Vitu vya hadhi huwa vinaikaidi kanuni hiyo, kwa sababu havitumiki vikaisha njiani. Hupita kutoka mkubwa hadi mkubwa na huweza kurundikana mbali kuliko katikati.

Kenya inatoa mfano mzuri wa safari ndefu isiyo na majambia wala wakubwa wanaoonekana. Wafugaji wa jadi ya Elmenteita, kuanzia miaka elfu tatu iliyopita hivi, walipenda obsidiani ya kijani kutoka miinuko ya Mlima Eburru karibu na Naivasha. Tangu vipimo vya kemikali vya Harry Merrick na Francis Brown katika miaka ya 1980, tunajua jiwe hilo lilifika hadi karibu na Ziwa Victoria, kama kilomita 200 kutoka chanzo, na lilifika kwa wingi hata pale ambapo mawe mengine yalikuwepo. Walilifanyia nini? Viwembe vidogo vya kazi za kila siku. Hakuna aliyezikwa na jambia la urefu wa mkono. Umbali, kwa hiyo, hauzalishi fahari wenyewe. Wafugaji hao walikuwa na ukoo uliotawanyika, mifugo inayohama na sababu nyingi za kutembeleana, na obsidiani ilipita kwenye njia zilizokuwepo tayari.

Gumegume ina shida ambayo obsidiani haina. Kila volkano ina alama yake ya kemikali. Chaki ya Ulaya ya kaskazini inafanana kwa mamia ya kilomita, na mtaalamu hulazimika kutegemea rangi, chembechembe na visukuku vidogo vilivyonaswa ndani. Kwa miaka mingi karibu kila jambia la rangi ya asali lililopatikana kaskazini liliandikwa Grand-Pressigny. Baadaye ikabainika kuwa baadhi yalitoka kwenye jiwe jingine, la Romigny-Lhéry mashariki ya Paris, karibu zaidi na yalikokutwa. Ramani nzuri zenye mishale mirefu zikapaswa kuchorwa upya. Nashauri mishale ya namna hiyo itazamwe kwa jicho la karani wa forodha.

Kuna makaburi ambayo hata hivyo hayaachi nafasi ya kubisha. Valencina, karibu na Seville nchini Hispania, palikuwa makazi makubwa ya milenia ya tatu K.K. Humo lilipatikana jambia ambalo bapa lake, la sentimita 21.4, limechongwa kwa bilauri ya mlimani, jiwe angavu lisilo na machimbo jirani. Mpini na ala yake ni pembe za ndovu. Liliwekwa juu ya kaburi la mtu aliyezikwa na pembe nzima ya tembo wa Afrika, na kwa miaka kadhaa mtu huyo aliitwa mfanyabiashara wa pembe, mwanamume. Mwaka 2023 uchunguzi wa protini za meno yake ulionyesha alikuwa mwanamke. Jambia lenyewe liliwekwa hapo baadaye, na watu waliokuja kumkumbuka. Hapa hadhi imethibitika mara tatu: kwa ufundi, kwa umbali na kwa kumbukumbu. Na bado jina la kwanza, mfanyabiashara, lilitoka vichwani mwa watafiti, halikutoka kaburini.

Kwenye mwisho mwingine wa ngazi ya hadhi anakaa yule mtu wa barafu aliyepatikana tarehe 19 Septemba 1991 kwenye mpaka wa Austria na Italia, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari. Ötzi alikufa kati ya mwaka 3350 na 3100 K.K. akiwa na jambia la gumegume la sentimita 13 pamoja na mpini. Mpini ni mti wa mwivu, ala imesukwa kwa nyuzi za gome la mti, ncha imevunjika. Jiwe ni la milima ya Lessini, upande wa Verona, siku kadhaa za kutembea. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zana zake karibu zote zilikuwa zimenolewa mpaka zimekaribia kwisha. Kilichotoka mbali zaidi kilikuwa shoka lake: shaba yake ilitoka kusini mwa Toscana. Tungekuwa na jambia lile bila ala, bila mpini na bila mwenyewe, lingeingia kwenye jedwali kama bidhaa ya masafa marefu. Kumbe ni kisu cha mfukoni kilichochoka.

Skandinavia yenyewe ilimalizaje? Kuelekea mwaka 1700 K.K. bronzi ilianza kuingia kwa wingi, na Denmark, iliyokuwa ikipeleka nje jiwe lake, ikawa nchi inayoagiza kila gramu ya shaba na bati kutoka nje. Kaharabu ya kaskazini, ambayo katika karne zilizofuata inakutwa hadi kwenye makaburi ya shimo ya Mycenae huko Ugiriki, huenda ilikuwa sehemu ya malipo. Machimbo ya gumegume hayakukauka, na makali ya jiwe hayakupungua. Lakini fundi wa miaka kumi ya mafunzo alikosa wa kumlipa, na majambia ya aina ya sita yanaonyesha hivyo: mafupi, yamenolewa ovyo, kingo zimevunjwavunjwa kwa kugongwa kwenye pairiti ili kutoa cheche. Katika makaburi ya wanaume ya mwanzo wa Enzi ya Bronzi, upanga wa bronzi ulilazwa pamoja na maiti, na kipande cha gumegume kikawekwa kwa ajili ya kuwashia moto.